Kilwa kuna kazi, Temeke kuna dozi

Anti,

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, nina miaka 34, naishi Temeke. Nilianza kuvuta unga nikiwa na miaka 23, baadaye nikawa najidunga. Sitaki kukuchosha na habari za maskani, unazijua. Sasa nina mwaka na miezi miwili nakunywa methadoni hapa hospitali ya Temeke, na tangu mwezi wa tatu wa dozi sijagusa kete. Mwili umerudi. Mama ananiachia ufunguo wa nyumba, kitu ambacho zamani hakikuwezekana.

Tatizo langu ni kazi. Kabla sijaharibika nilikuwa fundi eneo la Gerezani, natengeneza mageti na grili, bosi ananiamini kama mtoto wake. Unga uliponikolea nikaiba grinda yake nikaiuza elfu kumi na tano. Alinifukuza mbele za watu. Tangu nitulie nimeomba kazi sehemu nyingi. Wanaonijua wananicheka. Wasionijua wananichukua, halafu baada ya wiki anapita mtu anawauliza, "Huyu si yule teja?" Jioni naambiwa kesho nisije.

Sasa zimekuja kazi mbili kwa mpigo. Rafiki yangu niliyesoma naye kanitafutia nafasi kwenye kampuni ya ujenzi huko Kilwa, mkataba wa miezi sita, chakula na malazi juu yao, mshahara mzuri. Huko hakuna anayenijua, lakini kituo cha methadoni hakuna. Rafiki yangu anasema niache tu, maana methadoni nayo ni ulevi na mwanaume kamili hafungwi na kikombe. Nimefikiria kuwaomba wanipunguzie dozi haraka haraka ili mwisho wa mwezi niwe nimemaliza. Kazi ya pili ni kwa mzee mmoja palepale Gerezani, karakana ya tatu kutoka kwa bosi wangu wa zamani. Analipa kwa kazi, na nikipiga hesabu haifiki nusu ya Kilwa. Tena anataka saa moja asubuhi niwe nimeshafika, na saa hiyo mimi nipo kliniki, foleni ya dirisha la dozi.

Mke wangu yupo kwao Mbagala na watoto wetu wawili. Kasema atarudi siku nikiwa na kazi ya kueleweka. Kilwa wanataka jibu wiki ijayo. Je, niende? Na nikibaki, nimwambie yule mzee kwamba nakunywa methadoni au ninyamaze?

Fundi, Temeke

*

Mdogo wangu,

Usiende Kilwa kwa kuacha dozi. Nalisema hili mwanzo kwa sababu una wiki moja tu ya kuamua, na kwa sababu katika barua yako yote hakuna mstari ulionitisha kama ule wa kupunguziwa haraka haraka. Umepitia mengi na umefika mbali. Sitaki mkataba wa miezi sita ukurudishe ulikotoka.

Rafiki yako anakutakia heri, sina shaka, lakini jambo hili halijui. Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, ndiyo maana unakunywa mara moja tu kwa siku. Inashika pale palipokuwa pameshikwa na heroini, arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haiji, hamu inapungua, na dozi ikishakaa sawa hulewi. Mwaka na miezi miwili umesimama, umelala, umekula, umeaminiwa ufunguo na mama yako. Mlevi gani huyo? Muhimbili ilipofungua kliniki ya methadoni Februari 2011, kabla hata ya Mwananyamala na Temeke, familia nyingi za Dar es Salaam zilikuwa hazijui la kufanya zaidi ya kumfungia kijana chumbani na uji na dua, akitoka tu anarudi kijiweni. Kikombe anachokidharau rafiki yako ndicho kilichokupa nguvu ya kuomba kazi.

Sasa fikiria umeacha kwa pupa. Arosto ya methadoni inachelewa kuanza kuliko ya unga, na ikianza inakaa sana, inaweza kukuchukua wiki kadhaa. Usingizi hakuna, mifupa inauma, tumbo linaendesha, jasho na baridi kwa pamoja. Na wewe hapo uko Kilwa, juu ya jukwaa la ujenzi, umeshika koleo la kuchomelea, msimamizi anauliza kwa nini mkono unatetemeka. Usidhani kwamba unga uko Temeke tu. Heroini inayotoka Afghanistan imepita kwa majahazi kwenye pwani yetu hii kwa miaka mingi, kutoka Mombasa mpaka kusini, na mahali penye kambi ya wafanyakazi wenye mishahara muuzaji hachelewi kufika. Siku hiyo ukishika kete, mwili wako hautakuwa ule wa zamani. Umeshapoteza uzoefu. Kipimo ulichokuwa unakitumia ukaamka na kwenda kazini ndicho kitakachokuzuia pumzi. Hatari ya kufa kwa kuzidisha huwa kubwa mno kwa mtu aliyekaa muda bila kutumia kisha akarudia: ametoka jela, ametoka sober house, ameacha methadoni ghafla. Mama yako hajakupa ufunguo ili aje kupokea simu ya namna hiyo kutoka Kilwa.

Kuna watu wanaomaliza methadoni, na wewe unaweza kuwa mmoja wao. Wanashushwa kidogo kidogo kwa miezi mingi, daktari akiangalia, wakiwa wametulia kikazi na kifamilia, na mwili ukikataa wanasimama hapo walipofika bila aibu. Hupunguzi dozi ili upate kazi. Unapata kazi, unatulia, halafu ndipo mnakaa na daktari kuzungumzia kupunguza.

Nisiwe mbishi kwa kila kitu. Hoja yako ya kwenda mahali usipojulikana ina uzito. Wapo waliopona kwa kuhama mtaa, kwa sababu kona, sura na hata harufu ya maskani vinaamsha hamu iliyolala. Kazi hiyo ingekuwa Mwanza, Mbeya, Dodoma au Tanga, ningekujibu tofauti kabisa, maana huko vituo vipo, na Unguja kipo Kidongo Chekundu, na mteja anaweza kuombewa uhamisho kabla hajapanda basi. Kwa Kilwa, nenda hata hivyo kwa daktari wako kesho umuulize, usiamue kwa kusikia kwangu wala kwa rafiki. Muulize pia kama kituo chako kinawapa wateja waliotulia dozi za kwenda nazo nyumbani, na kwa siku ngapi. Dozi za siku chache zinaweza kukupeleka msibani na kukurudisha. Haziwezi kukuweka Kilwa miezi sita.

Miezi sita yenyewe inanipa wasiwasi. Kule Baltimore, Marekani, mtafiti Kenneth Silverman wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na wenzake walijenga sehemu ya kazi kwa ajili ya watu wenye uraibu, wengi wao wasio na ajira. Mtu alifundishwa kazi za kompyuta na kulipwa, kwa sharti kwamba vipimo vya mkojo vionyeshe hajatumia. Kazi ilipokuwepo, wengi walijizuia. Malipo yalipokoma, wengi wao walirudia. Mimi hapo najifunza jambo moja: kazi ina nguvu kubwa ya kumshikilia mtu, lakini inamshikilia kwa muda ule tu inapokuwepo. Mkataba wa Kilwa ukiisha ungerudi Dar es Salaam na fedha nyingi mfukoni, bila kazi, bila dozi. Sijui mtihani mgumu kuliko huo.

Tuje Gerezani.

Unasema mzee analipa kwa kazi. Umeliona hilo kama upungufu, na kwa upande wa fedha ni kweli, lakini kwenye suala la muda hiyo ndiyo nafuu yako. Mtu anayelipa kwa geti anataka geti. Mteja akiambiwa Ijumaa mchana, Ijumaa mchana lipakiwe kwenye guta. Kama ulianza kukata vyuma saa moja au saa mbili na nusu, yeye hapotezi chochote, mradi umefidia jioni. Kwa hiyo kabla hujaenda kwake, zungumza na afisa ustawi wa jamii wa kliniki. Muulize dozi zinaanza kutolewa saa ngapi kamili, foleni hupungua saa ngapi, na kama wenye kazi wanaweza kupewa nafasi ya mapema. Vituo hivi vinatoa dozi kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, na watumishi wake wanajua vizuri kwamba nauli na saa za kusubiri ndivyo vinavyowatoa wengi kazini. Kama inawezekana akupe barua fupi. Halafu mwambie mzee utafika saa mbili na nusu, na wewe ndiye utakayebaki jioni kufagia, kuingiza vyuma ndani na kufunga. Mwenye karakana aliyezeeka anaithamini sana hiyo saa ya jioni, kwa sababu mafundi wote wanakuwa wameshakimbilia daladala.

Na je, umwambie? Huyu, ndiyo. Umwambie kabla hujashika kazi, na yeye peke yake.

Upo karakana ya tatu kutoka kwa mtu uliyemwibia. Habari zako zitamfikia mzee kabla ya chai ya saa nne. Swali lililobaki ni nani amfikishie. Akizisikia kwako, zinakuwa maelezo ya mtu mzima anayejua alikopita. Akizisikia kwa muuza chakula, zinakuwa siri uliyomficha, na mwenye karakana anaogopa kufichwa kuliko anavyoogopa methadoni. Tena umeshaona mwenyewe mwisho wa kunyamaza: wiki moja, halafu kesho usije. Kila siku ya wiki ile ulikuwa unafanya kazi huku sikio liko barabarani. Mtu hawezi kuchomelea vizuri namna hiyo.

Maneno yasiwe mengi. Mkute saa ya utulivu, baada ya swala ya alasiri au karakana ikishafungwa, umwambie: "Mzee, mimi nilikuwa natumia unga, na utakuwa umesikia niliyomfanyia bosi wangu. Nina mwaka na miezi miwili kwenye matibabu hospitali ya Temeke, kila asubuhi nakunywa dawa kabla ya kuja. Nakuomba liishie kwako, lisiwe habari ya karakana. Nipe wiki mbili uangalie kazi yangu, halafu uamue." Unyamaze hapo. Usilie, usiape, usimsimulie habari za sindano. Akisema hapana, umshukuru, mzee aliyekataa kwa heshima leo anaweza kukuita mwezi ujao akizidiwa na oda.

Huo ni ushauri wa Gerezani. Siku ukipata nafasi kwenye kampuni kubwa ambako hujulikani, huna wajibu wa kumsimulia kila mtu historia yako. Matibabu ya mtu ni ya mtu. Ila kama kampuni inapima mkojo wafanyakazi, nenda na barua ya kliniki, umkabidhi mhusika wa afya na si msimamizi wa zamu. Kipimo cha kawaida cha heroini hakikamati methadoni, ina kipimo chake yenyewe, na ni vizuri karatasi iwe imetangulia. Usalama wa kazi nao ujadili na daktari. Dozi iliyotulia haimzuii fundi kushika mashine, lakini siku dozi inapopandishwa au kubadilishwa unaweza kusinzia, na siku hizo usishike grinda. Pombe na vidonge vya usingizi kama Valium usivichanganye kabisa na methadoni. Vikikutana vinapunguza pumzi mpaka inakatika.

Sasa grinda. Wewe umeiandika kwa mstari mmoja, mimi nimekaa nayo siku mbili. Utafanya kazi hatua chache kutoka kwa yule bosi, utapita mbele yake ukienda kununua fimbo za kuchomelea, mtasalimiana au hamtasalimiana. Deni hilo lilipe. Usiende mwenyewe mara ya kwanza, mtume mtu mzima anayeheshimika na wote wawili, mjumbe wa nyumba kumi, shehe, mchungaji au fundi mkongwe, apeleke kiasi kidogo cha kwanza na ujumbe kwamba utamaliza kwa awamu. Anaweza kukusamehe, anaweza kuzipokea na kuendelea kukununia. Yote ni haki yake. Lakini mtaa wa mafundi utaona umelipa, na ushuhuda wa namna hiyo hauandikwi kwenye wasifu wowote.

Kuhusu vifaa vya mzee, mwombe daftari. Asubuhi uandike umechukua nini: grinda, drili, koleo, kipimo cha pembe, idadi ya diski za kukatia. Jioni uandike umerudisha nini, na mmoja wenu mwingine atie saini. Mafundi wengine watanuna kidogo, wataona unajifanya mwanafunzi. Wavumilie, kwa sababu katika karakana yoyote kitu kikipotea, wa kwanza kutazamwa utakuwa wewe, hata kama umebaki msafi miaka kumi. Ni dhuluma, inaniuma kuiandika, lakini ndiyo hali ilivyo, na daftari lenye saini ndilo litakalokutetea siku usipokuwepo.

Fedha nizizungumzie kwa kirefu kidogo, maana wengi wanaorudia huanzia siku ya malipo. Kazi ya geti inalipa mkupuo. Leo huna kitu, kesho una laki mkononi, saa kumi na moja jioni, umechoka, njaa inauma, na njia ya kwenda nyumbani inapita pale unapopajua. Zungumza na mzee tangu mwanzo sehemu kubwa ya fedha zako aitume kwenye simu, ya mama au ya mke, na wewe upokee mkononi nauli na chakula tu. Wewe mwenyewe ndiye uliombe hilo, lisiwe amri ya mtu. Lidumu mpaka hapo utakapojiona unashika fedha bila moyo kwenda mbio, na ni wewe utakayejua. Malipo madogo ya kila wiki ni salama kwako kuliko mkupuo mkubwa wa ghafla. Mkicheza mchezo pale Gerezani, cheza, ila zamu yako ikifika fedha iende moja kwa moja kwenye kitu: mashine yako ya kuchomelea, hata iliyotumika, kodi ya miezi mitatu, ada ya mtoto. Na mkopo wa halmashauri kwa vikundi vya vijana, ambao najua mtu atakushawishi, uache kwanza. Ni mkopo mzuri, hauna riba, lakini kikundi kilichoundwa wiki iliyopita kugawana fedha nyingi hakikufai kwa sasa.

Kitu kimoja ukianze mwaka huu huu: cheti. Nimeelewa kutokana na barua yako kwamba ufundi umeujulia karakanani. VETA ina utaratibu wa kuwapima na kuwarasimisha mafundi waliojifunza kazi nje ya chuo. Wanakupima kwa vitendo, wanakujazia unapopungukiwa, unapewa cheti kinachotambulika. Pengo la miaka uliyopotea huwezi kulifuta, lakini mwajiri akiona cheti chenye tarehe ya juzi ana kitu kipya cha kuzungumza na wewe. Kampuni kama ile ya Kilwa zitaendelea kujenga nchi hii, na fundi mwenye cheti hahitaji kutafutiwa nafasi na rafiki.

Hapa naomba niwageukie wenye karakana, gereji na kampuni wanaosoma ukurasa huu. Kijana huyu amefukuzwa mara kadhaa kwa sababu ya neno la mpita njia, bila kuharibu kazi hata moja baada ya kupata matibabu. Nakasirika nikisoma hivyo. Kila siku tunawalaumu vijana kwa kukaa vijiweni, na anayetoka kijiweni tunamfungia mlango. Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwongozo mwaka 1996 likitaka matatizo ya pombe na dawa za kulevya kazini yachukuliwe kama matatizo mengine ya afya, na siri za mgonjwa zilindwe. Hamuombwi kumvumilia mtu anayeiba au anayekuja amelewa. Mnaombwa kumpima kwa kazi aliyoifanya wiki hii. Na mfanyakazi aliyeajiriwa ambaye bado anatumia kwa siri ajue kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika kila miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu, akiwa na cheti cha daktari. Ajitokeze kutibiwa kabla hajafumaniwa. Akiachishwa bila sababu halali au bila utaratibu wa haki, na ameshafanya kazi miezi sita au zaidi, ana siku 30 za kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Kwa anayetafuta pa kuanzia matibabu, Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119.

Tukirudi kwako. Inaweza kutokea siku ukateleza, hata ukiwa umefanya yote niliyoandika. Ikitokea, kesho yake asubuhi nenda dirishani kama kawaida na umwambie muuguzi kabla hajakumiminia. Usijifiche siku nne kwa aibu. Ukikosa siku kadhaa mfululizo hawawezi kukupa dozi yako ya zamani, kwa usalama wako watakuanzisha chini, na hapo ndipo wengi wanapopotelea. Na mzee usimwambie uongo siku hiyo. Mwambie huwezi kushika mashine leo, utakuja kesho.

Mke wako sijamsahau, nimemwacha mwisho kwa sababu naona ndiye anayekusukuma Kilwa bila yeye mwenyewe kujua. Kasema kazi ya kueleweka, wewe umesikia mshahara mkubwa. Jaribu kumsikiliza tena. Mwanamke aliyeishi na mla unga ameshaona fedha zikiingia na kuyeyuka, ameshaona redio ikiuzwa, vyombo vikiuzwa. Nadhani anataka kujua kesho asubuhi utakuwa wapi na jioni utarudi saa ngapi. Mwombe aje na wewe kliniki siku moja, akae foleni, akuone unapewa kikombe, unakunywa, unaambiwa useme neno ili wahakikishe umemeza. Aongee na mshauri peke yake, aulize anayoyaogopa. Kisha mwonyeshe hesabu ya kweli ya Gerezani, ndogo kama ilivyo, na umwambie kiasi gani kitamfikia kwenye simu kila wiki. Kama bado hataki kurudi, umtumie hivyo hivyo kwa ajili ya watoto, na usimwekee muda. Amesubiri miaka mingi kuliko wewe.

Rafiki yako mjibu leo, usingoje wiki ijayo, ili nafasi ile aipate fundi mwingine na yeye asionekane mtu wa maneno. Mwambie huwezi kwenda mahali pasipo na kliniki yako, mshukuru kwa kukukumbuka wakati wengine wanakucheka, na umwombe jambo jingine: kampuni yao ikipata mradi Tanga au Dodoma, akuambie mwezi mmoja kabla, ili Temeke wapate muda wa kukuandikia uhamisho.